Baba Alivyojifunza Kushoto Kwenye Kioo

Kila ninapopiga mswaki asubuhi, povu likianza kujaa mdomoni, harufu ya dawa ya meno hunirudisha kwenye kompyuta. Wengine labda huwarudisha bwenini au kwa daktari. Mimi hunirudisha kwenye chumba chetu cha Bukoto, mjini Kampala, ghorofa ya juu kabisa, ambako mwanamume mzima aitwaye Wafula amekaa sakafuni na kusugua diski kwa dawa ya meno na kitambaa laini, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto mchanga uso.

Wafula alikuwa jirani yetu, Mkenya wa Busia. Aliuza vyombo vya plastiki mjini. Kompyuta yake aliinunua kwenye ofisi fulani iliyokuwa inabadilisha mashine, lakini chumba chake kilivuja na yeye alikuwa mtu wa safari, kwa hiyo kompyuta iliishi kwetu. Mama alisuka nywele humo humo nyumbani, mlango wazi kutwa, wanawake wakiingia na kutoka. Wafula alisema hajazaliwa mwizi wa kupita katikati ya wanawake wanaosukwa.

Sisi tulitoka Bukavu. Majirani wengi walisema Kiganda, ambacho tulikuwa bado tunakiokota neno moja moja, kwa hiyo na Wafula tuliunganishwa na Kiswahili, ingawa chake na cha baba vilikuwa kama ndugu waliolelewa na shangazi tofauti. Wafula akisema kitu, baba alikifikiria kidogo kabla ya kucheka.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha. Mgeni akiingia, nilikuwa tayari nyuma ya pazia. Wateja wa mama walizoea kuona vidole vya miguu yangu chini ya pazia hilo, na wengine walivisalimia.

Wakati huo baba alikuwa hana kazi ya maana. Kwetu alikuwa dereva wa lori, wa barabara za milimani zile ambazo ukikosea kidogo unaonekana bondeni. Kampala alibeba mizigo sokoni, leo ipo, kesho haipo. Kisha mama akamsuka mke wa mtu mmoja tuliyemwita Ssalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Ssalongo alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya fleti zetu, na dereva wake alikuwa anataka kuacha kazi arudi kijijini. Mama alisema maneno mawili matatu huku anasuka, mke akayapeleka nyumbani, na baba akaitwa kujaribiwa.

Alirudi mapema sana. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Vipi?" mama akauliza.

"Niliendesha muzuri. Gia, breki, yote. Yeye mwenyewe alisema niko dereva."

"Halafu?"

"Halafu tukafika kwenye njia panda. Nikakata kona." Baba aliigeuza kofia. "Nikaingia upande wangu."

Mama aliacha kuchana nywele za mteja. Kwetu Kongo magari hupita kulia. Uganda hupita kushoto. Upande wa baba, pale kwenye njia panda, ulikuwa na lori la mafuta linakuja uso kwa uso.

"Hakuna aliyeumia," baba akasema. "Yule bwana alishuka, akatembea kidogo pembeni, akarudi. Akaniambia, 'Ssebo, bwana wangu, unaendesha vizuri sana. Lakini unaendesha Kongo.'"

Mteja, ambaye hakupaswa kusikia, alicheka mpaka kichwa kikamtoka mama mikononi. Baba naye akacheka, lakini cheko lake liliishia njiani. Ssalongo hakuwa amemkataa kabisa. Alisema mwezi ukiisha na dereva wake akiondoka, watajaribu mara moja tena, mara moja tu. Baada ya hapo atatafuta mtu aliyezaliwa kushoto.

Mimi sikuelewa shida iko wapi. Nilijua kushoto na kulia kwa kuangalia mkono wangu wenye kovu. Nilifikiri baba akichorewa kovu, mambo yataisha.

Jioni hiyo Wafula alikuja na diski. Aliambiwa na mtu mjini kwamba ina mchezo wa mbio za magari, wa zamani lakini mzuri. Alikuwa ameileta kwa ajili yake mwenyewe, sitasema uongo, ila alipoona uso wa baba akasema, "Baba Neema, leo tunakimbiza magari. Utasahau hizo mikate."

Hatukukimbiza gari lolote jioni hiyo, wala iliyofuata. Tuliivua kompyuta kitenge kilichoifunika, Wafula akaingiza diski, mashine ikanguruma. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta kuonyesha kwamba mchezo unaingia. Ulipopita nusu ukasimama. Tukaungojea. Mama akamaliza kichwa kizima cha mteja, mstari upo pale pale.

"Imechoka," nikanong'ona nyuma ya pazia.

"Haijachoka, ni diski ina mikwaruzo," Wafula akasema. Akaitoa, akaipumulia, akaifuta kwenye shati. Mstari ukasimama pale pale. Akaiosha kwa sabuni. Ukasogea kidogo, ukasimama. Ndipo akaomba dawa ya meno.

"Hiyo ni kula pesa yangu," mama akasema, lakini akampa.

Wafula alisugua kutoka katikati kwenda nje, hakuzungusha, maana alisema ukizungusha unaiua. Chumba kizima kikanukia mswaki wa asubuhi. Aliikausha, akaiingiza, na mstari ukapita mahali pake pa kusimamia kama punda aliyeamua. Wateja wawili waliokuwa wanasukwa walipiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Mchezo ukafunguka. Kulikuwa na barabara, miti, milima kwa mbali, na gari jekundu linalongoja. Wafula akabonyeza, na kabla hajavuta pumzi gari lilikuwa limegonga ukuta, limepinduka, limerudi barabarani na kugonga tena. Miti ilipita kama mvua. Mbio zikaisha na sisi hatujaona kitu.

"Hii gari ina pepo," baba akasema.

Wafula alijaribu tena na tena, ikawa hivyo hivyo. Kesho yake aliuliza fundi mjini, akarudi na maelezo ambayo hadi leo nayapenda. Mchezo, alisema, ulitengenezwa zamani kwa mashine za polepole. Mashine yetu ni changa kuliko mchezo, ina mbio zake, inauburuta. Dawa ni kuichosha mashine.

"Utaichosha namna gani? Utaipa maji ibebe?" mama akauliza.

"Naipa kazi zingine, Mama Neema. Wewe ukiwa na vichwa vitatu vya kusuka, unaweza kukimbia?"

"Hata kukaa siwezi."

Basi Wafula akafungua muziki, akaupunguza sauti mpaka usisikike. Akafungua kikokotoo, na cha pili, na cha tatu. Akafungua picha za harusi ya dada yake, zote. Mashine ikaanza kukoroma. Kisha akafungua mchezo, na gari jekundu likaondoka taratibu, kistaarabu, kama gari la askofu. Miti ikawa miti. Tukaona kwamba kwenye barabara ile kuna magari mengine, watu wa kawaida wanaokwenda shughuli zao, wengine wakija mbele yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Niliamini kabisa kwamba watu wale wapo. Nilidhani kompyuta ni dirisha, kwamba huko nchi za baridi kuna barabara hiyo kweli, na sisi tumekopeshwa gari la mtu. Gari lilipokuja mbele nilijikunja chini ya meza, kwa sababu kama mimi namwona dereva, yeye angekosaje kuniona? Wafula alipomgonga mmoja, nilisubiri mlango ubishwe.

Baba alikaribishwa kujaribu. Vidole vyake vilikuwa vya kubeba magunia. Akigusa kitufe kimoja aligusa na jirani zake. Gari likawa linafunga breki na kukimbia kwa pamoja.

"Mimi sijui kuendesha kwa ukucha," akasema. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na mfuniko wa sufuria kubwa. Akaushika kwa mikono miwili kama usukani. "Gari linaendeshwa hivi. Neema, njoo hapa, mama."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Wewe angalia mfuniko. Nikigeuza huku, bonyeza huku. Nikigeuza huku, bonyeza huku. Nikisema breki, hiki."

Nilitoka chini ya meza kwa sababu ni baba. Nikaketi kando yake, macho kwenye mfuniko, vidole kwenye vitufe. Na ikafanya kazi. Baba aligeuza, mimi nikabonyeza, gari likaitika. Hakuna aliyemwambia kwamba yale ni mashindano. Alipunguza mwendo kwenye kila kona. Hakupita gari la mtu mlimani. Akimkaribia mwenzake alipiga honi kwa mdomo. Tulikuwa wa mwisho kila mara, na magari mengine yalikuwa yameshafika, yameshakula, yamelala.

"Baba Neema, pita huyo!" Wafula alilia.

"Kwenye kona? Wewe unataka kunizika?"

Sijawahi kumwona baba na furaha kama ile tangu tuhame. Aliimba. Alimwonyesha mama mlima: "Angalia, kama kule kwetu." Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akatazama muda mrefu kisha akasema polepole:

"Baba Neema. Hayo magari yanapita kulia."

Baba akasimamisha mfuniko. Mimi nikaacha vitufe. Gari jekundu lilikwenda lenyewe likaingia kwenye majani.

Ilikuwa kweli. Mchezo ulikuwa wa nchi za kulia. Kila jioni baba alikuwa anakaa pale akijifunza upya, kwa raha zote, kile kile kilichomnyima kazi. Wafula alitafuta kama kuna mahali pa kuhamisha magari upande wa pili, hakupaona. Alifungua kila ukurasa wa mchezo. Baba alirudisha mfuniko jikoni. Nilisikia ukikaa juu ya sufuria, na sauti ile ilinifanya nitake kulia, maana nilidhani nimekosea kubonyeza.

Kulipokucha mama alikuwa anamsuka msichana wa ghorofa ya chini mbele ya kioo chake kikubwa, kile cha kazi, kilichosimama kimeegemezwa ukutani. Msichana alisema, "Huku kumezidi, punguza," akionyesha kwenye kioo. Mama akashika upande wa pili wa kichwa bila kufikiri. Hiyo ndiyo kazi yake. Mteja akionyesha kwenye kioo, wewe unashika kinyume. Aliyefanya hivyo maelfu ya mara hahitaji hata kuambiwa. Lakini siku hiyo mkono wake ulibaki hewani na kitana.

"Neema," akasema. "Kamwite Wafula."

Walimwondoa yule msichana na nusu ya kichwa imesukwa, akakaa kitandani kuangalia. Wafula na mama wakaigeuza meza, kompyuta ikatazamana na kioo. Mashine ikachoshwa kama kawaida, vikokotoo, harusi na yote. Gari jekundu likatokea ndani ya kioo. Namba yake ilisomeka nyuma mbele, mlima uliokuwa upande huu ulikuwa upande ule, na magari yote, yote kabisa, yalikuwa yanapita kushoto.

"Ai, Mama Neema," Wafula akasema kwa sauti ndogo. "Wewe umehamisha barabara."

"Mimi nimegeuza meza tu. Nenda kamwite baba yake."

Baba alikuja kutoka sokoni na vumbi lake. Aliangalia kompyuta, akaangalia kioo, akaenda jikoni. Tulisikia mfuniko ukiinuliwa.

Palikuwa na tatizo moja. Katika kioo, baba akigeuza kushoto, gari lilikwenda kulia. Wafula alisema ni rahisi, atabadilisha vitufe kwenye mpangilio wa mchezo. Alibadilisha, mchezo ukakubali, ukafunga ukurasa, na ukarudisha kama ulivyokuwa. Alibadilisha tena. Ukarudisha tena. Alizima mashine akaiwasha, akaifunika kitenge kidogo kana kwamba itajisahau. Wapi. Mchezo ule ulikuwa na msimamo.

Wao wakibishana, mimi nilikuwa nimekaa mahali pangu. Baba alikuwa ameshika mfuniko anangoja, na kwa kuchoka kungoja akaugeuza kidogo kushoto. Nikabonyeza kulia. Gari, ndani ya kioo, likaenda kushoto.

Baba akanitazama. Akaugeuza kulia. Nikabonyeza kushoto.

"Wafula," baba akasema, "acha hiyo mashine. Mutoto amekwisha kuitengeneza."

Nilitaka kukimbilia kwenye pazia, lakini ningekimbia vipi na baba yuko barabarani? Tena kwenye kioo kile hapakuwa na barabara peke yake. Kando ya kompyuta tulionekana na sisi: baba na mfuniko, mimi na vitufe, mama nyuma na kitana, msichana wa nusu kichwa kitandani. Magari yalipokuja mbele yetu nilijiona nikiyatazama. Nikajiambia, kama wananiona, basi wananiona na watu wangu. Tangu siku hiyo sikuingia tena chini ya meza.

Tuliendesha kila jioni umeme ulipokuwepo. Mama alikuwa askari. "Kushoto, Baba Neema. Kushoto nimesema. Huyo mtu ana watoto." Wateja walizoea kusukwa wakiwa wamegeukia ukuta, kioo kimeshikwa, na wengine walianza kuja jioni kusudi. Mmoja alimfundisha baba matusi ya Kiganda ya barabarani, ya adabu kidogo. Mwanzoni kila njia panda mfuniko ulikwenda wenyewe upande wa Kongo, na mimi nilibonyeza kwa uaminifu wangu wote na tukaingia majanini. Halafu siku moja tulikata kona, tukanyooka, na tukawa kushoto bila mama kuita. Baba mwenyewe ndiye aliyegundua baadaye. Akasimamisha gari jekundu pembeni, kushoto, akaweka mfuniko magotini na kujifuta jasho.

Mwezi ulipoisha baba aliniomba nimsindikize. Sijui alimwambia nini Ssalongo, lakini Ssalongo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinisogeza katikati ya kiti cha mbele, yeye akakaa dirishani. Nyuma mikate ilikuwa ya moto na gari zima lilinukia. Tulikuwa tunaipeleka Luzira, kwenye maduka ya karibu na ziwa.

Tulitoka getini. Njia panda ya kwanza ilikuwa ile ile ya lori la mafuta. Baba akapunguza. Akageuza usukani kushoto, na kidole changu, juu ya goti langu, kikabonyeza kulia. Tukaingia upande wetu, laini, kama mkate unaoingia tanuruni.

Tulipofika kona ya tatu Ssalongo alikuwa anaangalia magoti yangu.

"Huyu mtoto anafanya nini?"

"Ananisaidia kukata kona," baba akasema, macho mbele.

"Mbona anabonyeza kinyume?"

"Ni hivyo hivyo inavyofanya kazi, bwana."

Ssalongo alifikiri, akasema "Kale," ambayo kwa Kiganda ni sawa, na hakuuliza tena. Baba alipita mizunguko yote, akapisha pikipiki, akamtukana mmoja kwa Kiganda cha wateja wa mama, na Ssalongo akakohoa kuficha uso.

Tukafika. Ssalongo alishuka kuongea na wenye maduka, mimi nikasogea dirishani kuliona ziwa. Baba alishusha kreti moja baada ya nyingine. Aliporudi na ya mwisho, ambayo ilibaki na mkate mmoja, alikuwa anapiga mluzi, mtu aliyemaliza kazi. Akaja moja kwa moja upande wangu, upande ambao kwa maisha yake yote ulikuwa na usukani, akafungua mlango na kuinua mguu apande.

Akanikuta mimi.

Tulitazamana. Mguu wake ulikuwa hewani. Nyuma yake, hatua chache tu, Ssalongo alikuwa amegeuka na kutuangalia, mkono kiunoni. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani baba naye apate pazia.

Baba alishusha mguu polepole. Aliingiza mkono kwenye kreti, akautoa ule mkate, akaniwekea mapajani.

"Nimekuletea mkate, mama," akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kwa hilo tu. Akafunga mlango vizuri na kuanza kuzunguka mbele ya gari, bila haraka, akigusa taa kana kwamba anazikagua.

Ssalongo alikuja dirishani kwangu. Aliangalia mkate, akamwangalia baba ambaye alikuwa amefika kwenye taa ya pili.

"Dereva," akaita. "Huo mkate nitaukata kwenye mshahara wako."

Baba akasimama pale mbele, kiganja juu ya boneti ya moto, akasahau kukiondoa. Mimi nilikuwa nimeshaung'ata mkate.